Mlinzi naye ana kelele: historia ya vidhibiti volti kwenye vyombo vya sauti

Mwaka jana nilitengeneza kikuza sauti kidogo cha maikrofoni. Sikuwa na lengo kubwa. Nilitaka kumrekodi bibi yangu akisimulia habari za ujana wake, na bibi huongea kwa sauti ya chini, tena hapendi kusogezewa maikrofoni mdomoni. Nilitumia maikrofoni ya elektreti, ile ya duara yenye ukubwa wa kifungo cha shati. Maikrofoni hiyo inahitaji umeme kidogo ili ifanye kazi, kwa hiyo nikaenda Kariakoo kununua chipu ya LM317, kidhibiti volti ambacho kila fundi anakifahamu, nikakipanga kitoe volti 5 zilizotulia.

Nikavaa hedifoni. Mvumo wa umeme wa ukutani haukuwepo hata kidogo, nikafurahi. Lakini nyuma ya sauti ya bibi kulikuwa na "shhhhh" isiyokoma, kama mvua ya mbali juu ya bati. Nikabadilisha maikrofoni, wapi! Nikabadilisha waya, wapi! Mwisho nikachomoa LM317 nikaweka betri tatu za tochi. "Shhh" ikapungua papo hapo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kifaa nilichokiweka ili kilinde sauti dhidi ya uchafu wa umeme ndicho kilichokuwa kinaleta uchafu. Sasa swali likanikaa kichwani: inakuwaje mlinzi awe ndiye mpiga kelele? Kulijibu kumenirudisha karibu miaka 100 nyuma. Jibu fupi ni kwamba kidhibiti tunachokiuziwa leo kwa bei ya soda hakikubuniwa kwa ajili ya sauti. Vyombo vya sauti vilikirithi tu kutoka nyumba nyingine.

Kwanza, kidhibiti kinafanyaje kazi?

Mfikirie mtu amesimama kwenye bomba. Mbele yake kuna ndoo yenye tundu chini, maji yanatoka muda wote kwenda shambani. Ndani ya ndoo kuna alama. Kazi yake ni moja: maji yakishuka chini ya alama, afungue bomba zaidi, yakipanda, alikaze. Presha ya bomba ikibadilika, au shamba likihitaji maji mengi ghafla, mtu huyu anarekebisha.

Kidhibiti volti cha aina ya linia ni mtu huyo. Mkono wake ni transista inayopitisha mkondo wa umeme. Macho yake ni kikuza tofauti, saketi inayolinganisha volti inayotoka na volti inayotakiwa. Na ile alama ndani ya ndoo ni volti ya kigezo: volti ndogo isiyobadilika ambayo kila kitu kinapimwa kwayo. Umeme unaozidi unageuzwa kuwa joto. Ukiingiza volti 24, ukatoa 15, kwa mkondo wa nusu ampea, unachoma wati 4.5 bure. Ndiyo maana vidhibiti hivi hufungwa kwenye kipande cha bati la aluminiamu.

Sasa shika jambo hili moja, maana makala yote inalizunguka. Mtu wetu anaweza kurekebisha kosa lolote isipokuwa kosa la alama yenyewe. Alama ikitikisika, mkono wake utatikisika nayo, kwa uaminifu kabisa.

Zama za betri

Redio za majumbani za mwanzoni mwa miaka ya 1920 hazikuwa na shida ya kelele za umeme wa ukutani kwa sababu hazikuuhitaji. Zilitumia vali, zile taa za kioo zenye nyaya ndani, na kila redio ilikuwa na betri zake. Betri "A" ilipasha moto vali, mara nyingi ya aina ya gari yenye asidi. Betri "B" ilitoa volti nyingi, 45 au 90 au zaidi. Betri "C" ilipanga vali ifanye kazi mahali panapofaa. Betri ni kimya sana, kama nilivyojionea mwenyewe. Lakini zilikuwa nzito, zilikwisha, na ya asidi ilikuwa ikimwagika inaharibu zulia la mwenye nyumba.

Watu walitaka kuchomeka redio ukutani basi. Tatizo ni kwamba umeme wa ukutani unakwenda mbele na kurudi nyuma, mara 60 kwa sekunde kule Amerika Kaskazini, mara 50 kwetu na Ulaya. Ukiupitisha kwenye rektifaya, yaani kifaa kinachouruhusu uende upande mmoja tu, unapata umeme wenye mawimbi 120 au 100 kwa sekunde. Hezi 100 ni sauti unayoisikia vizuri. Ndiyo ule "mmmmm" wa amplifaya mbovu harusini.

Mwaka 1925 Edward S. Rogers wa Toronto, Kanada, akaingiza sokoni redio isiyohitaji betri, iliyotumia vali zilizobuniwa zipashwe moto na umeme wa ukutani. Mvumo uliobaki ulipunguzwa kwa vichujio vya koili na kapasita. Adui wa kwanza akawa amepatikana na silaha yake ikajulikana: chuja, chuja tena. Lakini kuchuja hakuzuii volti kupanda na kushuka umeme wa mtaani unapobadilika. Hapo ndipo akahitajika mtu wa kusimama bombani.

Vali, gesi, na boti ya asubuhi

Alama za kwanza kwenye ndoo zilikuwa vali za gesi. Hizi ni chupa ndogo za kioo zenye gesi ndani. Umeme ukipita, gesi inawaka kwa rangi ya zambarau au ya machungwa, na volti kati ya ncha zake inabaki karibu palepale. Kwa vali maarufu ya 0A2 ni takriban volti 150. Zinapendeza kuangalia, lakini gesi inayowaka haitulii. Chembe zinagongana ovyo, na kila mgongano ni mtikisiko mdogo wa alama. Halafu ukisema uweke kapasita kubwa sambamba nayo ili uitulize, vali inaweza kuanza kuzima na kuwaka kwa mfululizo, ikajigeuza kuwa king'ora.

Macho na mkono vilitoka kwenye wazo jingine. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi Harold Black wa Bell Labs alikuwa kwenye boti akivuka mto Hudson kwenda kazini. Alikuwa amehangaika kwa miaka na vikuza sauti vya simu za masafa marefu vilivyopotosha sauti. Wazo likamjia ghafla, na kwa kuwa hakuwa na karatasi, akachora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo: rudisha sehemu ya kinachotoka, kilinganishe na kilichoingia, na utumie tofauti hiyo kujirekebisha. Leo tunauita mrejesho hasi, na ndio moyo wa kila kidhibiti.

Mwaka 1939, F. V. Hunt na R. W. Hickman wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Review of Scientific Instruments uchambuzi wa vidhibiti vya vali ambao wahandisi waliurejea kwa miaka mingi. Kinachonifurahisha ni kwamba Hunt alikuwa mtu wa sauti. Alifanya utafiti juu ya upotoshaji wa sauti kwenye santuri, na wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza maabara ya Harvard ya sauti za chini ya maji. Kwa hiyo ukoo wa vidhibiti na ukoo wa sauti walikuwa jirani tangu zamani. Waliachana baadaye.

Kelele isiyoondoka

Kabla ya kuendelea, kuna habari mbaya kutoka fizikia. Mwaka 1928, John B. Johnson wa Bell Labs alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba rezista yoyote, hata ikiwa imekaa tu mezani, ina volti ndogo inayochezacheza kati ya ncha zake. Mwenzake Harry Nyquist akaeleza sababu: ni joto. Elektroni ndani ya rezista hazitulii maadamu kuna joto, na kucheza kwake ni kelele. Kabla yao, mwaka 1918, Mjerumani Walter Schottky alikuwa ameshaeleza kelele nyingine, inayotokana na umeme kuwa chembechembe, kama mvua inavyopiga bati tone kwa tone.

Tupige hesabu. Rezista ya ohm 10,000 kwenye joto la kawaida la chumba, ukihesabu masafa yote anayosikia binadamu hadi hezi 20,000, inatoa kelele ya takriban mikrovolti 1.8. Ni kidogo sana, lakini si sifuri, na huwezi kuikataza. Unachoweza ni mambo matatu: kuchagua rezista ndogo, kuchuja, na kutoikuza kelele hiyo bila sababu. Hilo la tatu ndilo lililosahaulika kwa muda mrefu.

Widlar na volti tano za kompyuta

Tuingie kwenye silikoni. Alama ya kwanza ya kisilikoni ilikuwa diodi ya Zener, iliyopewa jina la Clarence Zener, mwanafizikia aliyeeleza mwaka 1934 jinsi umeme unavyovunja na kupita kwenye vihami. Jina lenyewe linadanganya kidogo. Diodi za zaidi ya volti 5 au 6 hazifuati njia aliyoieleza Zener. Zinafanya kazi kwa maporomoko, elektroni moja ikigonga nyingine na nyingine tena, kama mawe yanavyoporomoka mlimani. Na maporomoko yana kelele, kama unavyoweza kudhani. Tena Zener nzuri zinahitaji volti 6 na zaidi, wakati dunia mpya ya saketi za kompyuta ilitaka volti 5 tu.

Hapo akaingia Bob Widlar, mmoja wa wabunifu maarufu zaidi, na wenye vituko zaidi, katika historia ya chipu. Huyu ni yule aliyewahi kuleta kondoo kazini National Semiconductor ili ale nyasi za bustani ambazo kampuni ilikuwa imeacha kuzikata. Karibu na 1970 alitoa LM109: kidhibiti kizima cha volti 5 ndani ya chipu moja yenye miguu mitatu, chenye uwezo wa kujizima kikipata joto kupita kiasi. Mwaka 1971 akakieleza kwenye jarida la kitaalamu la IEEE.

Akili ya LM109 iko kwenye alama yake. Volti kati ya miguu miwili ya transista, karibu volti 0.6, hushuka kwa takriban milivolti 2 kila joto likipanda digrii moja. Lakini ukichukua transista mbili zinazofanya kazi kwa misongamano tofauti ya mkondo, tofauti ya volti zao *hupanda* kadiri joto linavyopanda. Basi jumlisha kinachoshuka na kinachopanda kwa kipimo sahihi, upate kisichobadilika. Jumla inaangukia karibu volti 1.2, namba inayotokana na pengo la nishati la silikoni yenyewe. David Hilbiber wa Fairchild alikuwa ameonyesha wazo hili mwaka 1964. Widlar ndiye aliyeligeuza kuwa bidhaa.

Mtego uko hapa. Ile tofauti inayopanda ni ndogo, makumi tu ya milivolti. Ili ilingane na inayoshuka inabidi izidishwe karibu mara kumi. Ukizidisha volti, unazidisha na kelele yake. Kisha volti hiyo ya 1.2 inazidishwa tena hadi kufika volti unayoitaka.

Je, Widlar alikosea? Hapana. LM109 ilikusudiwa kukaa kwenye kadi za saketi za kompyuta. Saketi za mantiki za wakati ule, zilizoitwa TTL, zilihakikishiwa kuvumilia uchafu wa hadi volti 0.4 bila kuchanganya sifuri na moja. Kwa mteja wa namna hiyo, kelele ya mikrovolti mia moja si kitu. Ni kama mtu kunong'ona sokoni. Lakini maikrofoni yangu hutoa milivolti chache tu, na sindano nyingine za santuri hutoa chini ya milivolti moja. Kwao hao, mnong'ono huo ni kelele.

Ndugu za LM109 wakaenea dunia nzima: mfululizo wa 7800 wa Fairchild, na LM317 iliyotokana na kazi ya Bob Dobkin pale National mwaka 1976. LM317 ni ya ajabu kwa urahisi: rezista mbili tu, na unapata volti yoyote unayoitaka. Ndiyo maana iko kila duka la vifaa, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue kule Nairobi. Jedwali lake linasema kelele yake ni takriban asilimia 0.003 ya volti inayotoka. Soma vizuri: *ya volti inayotoka*. Ukiipanga volti 5, kelele ni mikrovolti 150. Ukiipanga volti 15, ni mikrovolti 450. Alama ya volti 1.25 imezidishwa mara 12, na mtikisiko wake mara 12.

Wapenzi wa sauti wanaamka

Waliolalamika kwanza hawakuwa makampuni makubwa bali watu waliojitengenezea vyombo nyumbani. Huko Marekani kulikuwa na jarida lililoitwa The Audio Amateur, na mwaka 1980 Michael Sulzer alichapisha humo kidhibiti kilichobuniwa mahsusi kwa ajili ya vikuza sauti. Mwaka 1995 Walt Jung, akishirikiana na Jan Didden na Gary Galo, akaendeleza wazo hilo katika mfululizo wa makala kwenye jarida hilohilo. Mashabiki wakakiita "kidhibiti bora" na hadi leo wanakitengeneza.

Walifanya nini tofauti? Mambo manne, na kila moja linajibu kosa mojawapo la urithi wa kompyuta.

Kwanza, alama. Waliacha ile ya pengo la nishati, wakatumia LM329, Zener ya volti 6.9 ambayo maporomoko yake yamefukiwa chini ya uso wa silikoni, mbali na uchafu wa juu, kwa hiyo imetulia zaidi. Kwa kuwa 6.9 iko karibu zaidi na 15, haihitaji kuzidishwa sana.

Pili, walichuja alama *kabla* ya kuifikisha kwenye macho. Rezista moja na kapasita moja kubwa. Chipu za kawaida hazina nafasi hiyo, maana kapasita ya mikrofaradi nyingi haiingii kwenye kipande cha silikoni.

Tatu, macho yenyewe. Walitumia AD797, opampu, yaani kikuza tofauti ndani ya chipu, ambayo ni miongoni mwa zenye kelele ndogo kabisa. Tena waliilisha umeme kutoka kwenye pato safi la kidhibiti hichohicho badala ya umeme mchafu unaoingia. Mlinzi anakula chakula anachokilinda.

Nne, walipima volti pale pale inapotumika, siyo kwenye mguu wa kidhibiti. Waya nao una ukinzani, na kama unapima ndoo ya jirani huwezi kujua ya kwako ina maji kiasi gani.

Mbele ya hayo yote waliweka, unadhani nini? LM317. Ile ile. Lakini sasa ilikuwa mlinzi wa geti la nje, inapunguza mvumo mkubwa, na kelele yake inasafishwa na mlinzi wa ndani. Hakuna kifaa kibaya, kuna kifaa kilichowekwa mahali pasipo pake.

Acha kuzidisha

Ubaya wa kidhibiti cha Jung ni kwamba kina sehemu nyingi, na opampu yenye kasi namna ile ukiipanga vibaya huanza kujitetemesha yenyewe. Suluhisho la mwisho lilitoka, kwa namna ya kupendeza, kwa Bob Dobkin, yuleyule wa LM317. Mwaka 1981 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Linear Technology, na mwaka 2007 kampuni hiyo ikatoa LT3080.

Wazo lake ni jepesi kiasi kwamba unajiuliza kwa nini lilichukua miaka 30. Badala ya kuwa na alama ya volti ndogo na kuizidisha, chipu inatoa *mkondo* mdogo usiobadilika. Wewe unaupitisha kwenye rezista moja uliyoichagua, na volti inayojitokeza hapo ndiyo volti kamili unayoitaka. Ukitaka 15, alama yenyewe ni 15. Kazi inayobaki ni kuinakili tu, moja kwa moja, bila kuzidisha chochote. Na kwa kuwa rezista iko nje ya chipu, unaweza kuweka kapasita kubwa sambamba nayo ukaifuta kelele karibu yote.

LT3080 bado ilikuwa na kelele ya mikrovolti 40 hivi kwa sababu macho yake hayakuwa makini sana. Mwaka 2015 ikaja LT3042, yenye wazo lilelile na macho mapya. Kelele yake ni mikrovolti 0.8, ikipimwa kutoka hezi 10 hadi 100,000, na haiongezeki ukipandisha volti. Linganisha na mikrovolti 450 za LM317 kwenye volti 15, ambazo zimepimwa kwenye masafa finyu zaidi, hadi hezi 10,000 tu. Tofauti ni zaidi ya mara 500.

Gharama ipo. Rezista ya kutoa volti 15 kwenye LT3042 ni ohm 150,000. Ukiweka kapasita ya mikrofaradi 4.7 sambamba nayo, kuijaza kunachukua sekunde kadhaa kama ingeachwa hivihivi. Ikabidi wabunifu waongeze njia ya kuijaza haraka wakati wa kuwasha. Ukitaka kimya, lazima usubiri au ulipe.

Lakini je, inasikika?

Hapa ndipo watu wa sauti wanapogombana, na hoja za pande zote zinafaa kupimwa kwa namba.

Chukua kikuza sauti kilichojengwa kwa NE5534, opampu iliyotumika sana kwenye mikisa za studio. Opampu nzuri ina kinga yake ya ndani: kwenye masafa ya chini, inapunguza uchafu wa umeme unaoilisha kwa takriban mara 100,000. Basi mikrovolti 450 za LM317 zinakuwa mikrovolti 0.0045. Kelele ya NE5534 yenyewe, hadi hezi 20,000, ni karibu mikrovolti 0.57. Yaani kelele ya mlinzi iko chini ya kelele ya mwenye nyumba kwa zaidi ya mara 100. Kinga hiyo hupungua masafa yakipanda, ni kweli, lakini nafasi iliyopo ni kubwa. Mtu akikuambia alibadilisha kidhibiti kwenye saketi kama hii na "pazia likafunguka," mwombe akuonyeshe kipimo.

Sasa chukua maikrofoni yangu. Elektreti inalishwa kupitia rezista moja kutoka kwenye umeme, na sauti inachukuliwa hapohapo kwenye makutano. Haina kinga yoyote. Kelele ya umeme inaingia karibu yote ndani ya sauti. Mikrovolti 150 za kelele dhidi ya milivolti 5 za bibi akiongea karibu: tofauti ni mara 33 tu, karibu desibeli 30. Kaseti kuukuu ina hali nzuri kuliko hiyo! Ndivyo ilivyo pia kwa saketi za transista mojamoja, na kwa chipu zinazogeuza namba kuwa sauti, ambazo volti yake ya kigezo huzidishwa moja kwa moja na wimbo.

Kwa hiyo swali la "kidhibiti kipi ni bora kwa sauti?" halina jibu. Swali lenye jibu ni: *kelele hii itaingilia mlango gani?* Mlango ukiwa umefungwa, pesa ya LT3042 kanunulie spika nzuri.

Kurudi kwa bibi

Nilirekebishaje? Nilianza vibaya. Niliweka kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwenye pato la LM317, haikubadilika kitu. Baadaye nikaelewa kwa nini. Kwenye hezi 1,000 kapasita hiyo ina ukinzani wa ohm 0.16 hivi, lakini pato la kidhibiti lina ukinzani mdogo zaidi ya huo. Mlinzi ana nguvu kuliko kapasita. Akitikisika, anaiburuza nayo.

Dawa ilikuwa kuwatenganisha. Nikaweka rezista ya ohm 1,000 kati ya kidhibiti na maikrofoni, kisha kapasita ya mikrofaradi 220 kutoka hapo kwenda hasi. Maikrofoni inatumia mkondo wa nusu miliampea tu, kwa hiyo nilipoteza nusu volti, ambayo haina shida. Chujio hilo linaanza kukata chini ya hezi 1. Kelele ya hezi 1,000 inapunguzwa zaidi ya mara 1,000. Ni hila ileile ya kina Jung, kuchuja kabla ya sehemu nyeti, kwa vipande viwili ambavyo bei yake haifiki nauli ya daladala. Na nikaweka kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye mguu wa kurekebishia wa LM317, jambo ambalo jedwali lake linashauri tangu zamani na mimi sikulisoma.

Kama una saketi inayolia "shhh" nyumbani, fanya jaribio langu la kwanza kabla ya kununua chochote: ilishe kwa betri dakika tano, usikilize. Ikinyamaza, umeshamjua mwizi. Isiponyamaza, mwache mlinzi, katafute kwingine.

Nilirudi kwa bibi wiki iliyofuata. Safari hii kwenye hedifoni nilisikia pumzi yake kabla hajaanza kusema, na saa ya ukutani ya chumba cha pili ambayo sikuwahi kujua kwamba inasikika kutoka pale. Akaniuliza kama mashine yangu imepona. Nikamwambia imepona. "Haya, tuanzie wapi?" akasema, na nikabonyeza kitufe.